Sura ya Tano: Mikono Zaidi ya Miwili

Wanaume wa Singida walianza zamani kuacha nyumba zao kwenda kutafuta. Mwaka 1909 Wajerumani walipofungua mgodi wa dhahabu wa Sekenke, kibarua kilikuwa bado karibu na kijiji. Baadaye vijana wa Kinyaturu na Kinyiramba walikwenda mbali zaidi, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe na Kilosa. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya watu wa bara kwa mikataba na kuwasafirisha. Huko waliitwa manamba. Kipande kimoja kilikuwa siku 30 za kazi, na mtu alipewa siku 42 kukimaliza. Maisha ya kambini yameandikwa sana: mishahara, migomo, maradhi, kodi. Mke aliyebaki Ilongero au Kinampanda, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameng'ang'ania kaniki yake, ameandikwa kidogo mno.

Mikataba ya manamba imekwisha, safari hazijaisha. Mwanamume yuko Londoni au Sambaru anachimba, au amevuka mpaka Geita, Kahama na Chunya. Mwingine anaendesha lori, anapita Manyoni, Singida, Misigiri na Shelui kwenda Mwanza au Rwanda, na kwake anasimama dakika chache kama njia inaruhusu. Kuna aliyefuata ujenzi wa reli mpya, kuna mlinzi wa geti Dar es Salaam, kuna askari na mwalimu waliopangiwa kituo mkoa mwingine, na kuna mfugaji anayehamisha ng'ombe kiangazi kufuata majani. Nyumbani anabaki mama na watoto wawili ambao hata kuvaa kandambili bado hawajui.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Singida ni mmoja wa mikoa inayopeleka mijini wasichana wa kazi za ndani. Yule mdogo wa mume, yule binti wa shangazi, ambaye zamani angembeba mtoto jioni huku mama anasonga ugali, sasa yuko Sinza au Arusha anaogesha mtoto wa watu wengine. Kwa hiyo mama wa leo hakuondokewa na mume peke yake. Ameondokewa na mikono iliyokuwa ikiziba pengo la mume.

Naye anapoeleza kwamba amechoka, jibu analopewa ni moja: vumilia, mvumilivu hula mbivu. Nimeisikia kauli hiyo kwa wakwe, kanisani, msikitini, kwenye vikao vya kikoba, na inasemwa kwa nia njema kabisa. Ninaipinga. Uvumilivu unamsaidia mtu kusubiri mvua au deni lilipwe. Haumshiki mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekimbilia kwenye mafiga wakati mama amemshika mdogo wake anayeharisha. Hapo inatakiwa mikono, na mikono hupatikana kwa kupangwa.

Mama anayeona aibu kuomba msaada ajue kwamba hoja hii ina ushahidi wake jirani kabisa, kwa Wahadzabe. Wengine wao wanaishi Mkalama, na ndugu zao wametawanyika kuzunguka Ziwa Eyasi. Miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliishi katika kambi zao wakipima nani analeta chakula gani, kwa muda gani, na kinamfikia mtoto yupi. Waliona kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa aliongezeka uzito kadiri mama yake alivyotumia muda kuchimba mizizi na kutafuta chakula. Lakini mama akijifungua mwingine, hesabu ilibadilika. Uzito wa yule mkubwa sasa ulifuata kazi ya bibi. Mwanamke ambaye hazai tena, mwenye mvi, akichimba mizizi migumu kwenye ardhi ya mawe, ndiye aliyekuwa akimkuza mjukuu katika miezi ambayo mama hakuweza.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997 na yakazua mjadala mkubwa duniani: huenda binadamu anaishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu mabibi waliwavusha wajukuu. Mwaka 2009 Sarah Hrdy aliandika kitabu kizima akitetea wazo kwamba mtoto wa binadamu ni mzigo mzito mno kwa mzazi mmoja, na kwamba tangu mwanzo alilelewa na wengi. Wataalamu bado wanabishana kuhusu upande wa mageuzi ya binadamu. Kwa mama wa Ikungi aliyekaa na watoto wawili peke yake inatosha kujua kwamba anachokiona kama udhaifu wake ni hali ya kila mama aliyewahi kuishi.

Hofu inayofuata ni hii: mtoto akishikwa na wengi, atanisahau? Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuja Kampala kwa kufuata kazi ya mumewe, alianza kutembelea familia 26 za Kiganda vijijini, akikaa nao saa nyingi na kutazama tu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba kuwa na walezi kadhaa hakukumwondolea mtoto utulivu wake kwa mama. Kilicholeta tofauti kilikuwa jinsi mama alivyokuwa karibu na mtoto na jinsi alivyomjua kwa undani: analia vipi akiwa na njaa, analia vipi akiwa na usingizi, anaogopa nini. Mama aliyechoka hadi mifupani hawezi kuyasikia hayo. Akishikiwa mtoto kwa saa mbili, akalala, akiamka anamsikia tena.

Basi mikono itoke wapi? Ya kwanza ni ya bibi. Kwa Wanyaturu na Wanyiramba wengi mke huolewa akaja kwa wakwe, hivyo bibi aliye karibu mara nyingi ni mama mkwe, na hapo wengi hukwama kwa haya. Hukaa wakingoja mkwe aone mwenyewe, asipoona wananuna. Ni afadhali kwenda kumsalimia asubuhi, kabla ya kazi, na kusema jambo linaloeleweka:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka salama mama. Nimekuja na ombi. Wiki hii ya kupanda, huyu mkubwa ashinde kwako mpaka jua likikaribia kutua. Unga wake na mboga nitaleta mimi, na maji yako nitakuchotea nikipita kisimani."

Ombi hilo lina siku, lina mpaka wa saa, na halimwachii mzee mzigo wa chakula. Bibi mwenye magoti mabovu asipewe mtoto anayekimbia; apewe anayekaa, na anayekimbia apelekwe kwingine.

Huko kwingine ni kwa jirani, kwa zamu. Wanawake wanne wa kikoba kimoja wenye watoto wadogo wanaweza kugawana siku za palizi: leo watatu wanalima, mmoja anakaa na watoto wote chini ya mti mmoja, kesho anakaa mwingine. Serikali nayo imewahi kulitambua hitaji hili mapema. Vituo vya kulelea watoto mchana vilitungiwa sheria yake mwaka 1981, na leo vinasimamiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mwezi Desemba 2021 ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuanzisha kituo hata kidogo kijijini kina mlango wa kugonga: ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ugongwe kweli, kwa barua, kupitia serikali ya kijiji.

Mikono isiyofaa kutegemewa ni ya dada yake mtoto mwenye miaka saba. Najua ndiyo inayopatikana haraka. Anaweza kucheza na mdogo wake wakati mama yuko hapo uani, na kucheza huko kunawajenga wote wawili. Kuachiwa kutwa nzima na moto, kisima na mtoto mchanga ni jambo jingine, na shule nayo inapotea. Watoto wengi wanaoungua au kutumbukia majini wanapatwa na hayo katika saa ambayo mkubwa aliyekuwepo alikuwa naye ni mtoto. Mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu, kwa sababu kichwa chake ni kizito na hawezi kujiinua. Ndoo zifunikwe au zipandishwe. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Dawa za kupulizia vitunguu zisilale ndani ya nyumba. Na akiungua, amwagiwe maji safi ya kawaida dakika 20, kisha zahanati. Tusimpake dawa ya meno, yai wala mafuta, hata kama bibi amesisitiza.

Sasa tuje kwenye msimu, maana hapa ndipo mipango mingi iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa mjini inapomwangusha mama wa Singida. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi hiyo hiyo ya kulima, kupanda na kupalilia ndiyo miezi ambayo ghala limebaki tupu na bei ya nafaka imepanda. Ndiyo pia miezi ya malaria na kuharisha. Yaani kazi ya mama inafika kileleni, chakula kinafika chini kabisa, na mtoto anaumwa, yote kwa pamoja, na baba hayupo. Kisha ikifika Juni na Julai, alizeti na mtama vimevunwa, wanunuzi wanapita na mizani, bei iko chini, na simu inatoka mgodini: uza kidogo unitumie, shimo limekwama. Ikiwa kuna jambo moja ambalo mume na mke wanapaswa kukubaliana ana kwa ana kabla ya safari, ni hili: magunia mangapi hayaguswi. Chakula cha watoto hadi Aprili kihesabiwe kwanza, kiingie ndani, na shimo lisiwe na haki juu yake.

Fedha za kila siku nazo zina mwendo wake kulingana na kazi. Mwenye mshahara hutuma mwisho wa mwezi. Dereva ana posho ya safari, ndogo ndogo lakini ya mara kwa mara. Mchimbaji mdogo hulipwa kwa mgawo wa mawe. Anaweza kukaa miezi bila kitu, kisha siku moja akapata nyingi, na siku hiyo marafiki wote wanaijua. Kumtaka mchimbaji atume kiasi kilekile kila wiki ni kujitafutia ugomvi. Kwake ni bora makubaliano kwamba kila mgawo ukitoka, fungu la nyumbani litumwe siku hiyohiyo kabla hajalala, liwe kubwa au dogo, pamoja na ya kutolea. Mama anayepanda bodaboda kwenda kwa wakala akiwa na mtoto mgongoni, akakuta makato yamekula nauli, ana haki ya kukasirika. Na fedha zikikoma kabisa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwajibisha mume kutunza mke na watoto hata akiwa mbali. Ustawi wa jamii wanaweza kumwita, na mahakama inaweza kuamuru matunzo. Kwenda huko si kuvunja ndoa.

Kuna utajiri ambao hauhitaji kungoja simu. Kuku wa Singida wanapakiwa kwenye matenga kila siku kwenda Dar es Salaam na Dodoma, na mayai yao yanafuata, huku mtoto wa mwenye kuku anakunywa uji mtupu. Hili linaniuma. Mtoto aliyepita miezi sita anahitaji uji wa mtama au uwele uliotiwa karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta ya alizeti, mlenda uliopikwa na kitu cha kuutia nguvu, na yai kila inapowezekana, na aendelee kunyonya hadi miaka miwili. Yai lake litengwe kabla mchuuzi hajafika. Asali, ambayo Manyoni na Itigi tunajivunia, asipewe kabisa kabla hajafikisha mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo.

Mpaka hapa nimesema juu ya miezi na wiki. Lakini ukimuuliza mama ni wakati gani hasa anahisi yuko peke yake, atakutajia saa kumi na mbili jioni. Kuni hazijawaka, kuku wanaingia bandani, mbuzi mmoja hajarudi, mkubwa amejitupa chini analia kwa sababu ambayo hata yeye haijui, mdogo anataka ziwa, na giza linaingia. Mtoto wa miaka miwili wakati huo amechoka kuliko mama, ila hawezi kusema. Anachofanya ni kukataa kila kitu.

Saa hiyo inapunguzwa makali kwa kuihamisha. Mboga ipikwe mapema, saa tisa au kumi, wakati mtoto bado ana uchangamfu. Kuoga kuwe kabla ya jua kutua, maji yakiwa yamepashwa na jua kwenye beseni. Uji ukae kwenye chupa ya chai, ili njaa ya ghafla isingoje moto. Mkubwa apewe kazi yake: kuwatupia kuku punje, kubeba vijiko, kushika taa ya sola na kumwangazia mama. Anaiharibu, ndiyo, lakini anakuwa upande wa mama. Na kama kuna mikono ya kukopa kwa saa moja tu kwa siku, ikopwe saa hiyo. Saa moja ya jirani jioni inamsaidia mama kuliko nusu siku ya asubuhi.

Hata hivyo kuna jioni ambazo mkono unainuka. Mama akiona hasira imempanda hadi anataka kumtikisa au kumpiga mtoto, amweke mahali salama, chini, mbali na moto, atoke nje, avute pumzi, amwite mtu yeyote. Mtoto kulia dakika chache peke yake hakumdhuru. Kutikiswa kunaweza kuumiza ubongo wake daima. Na ikiwa mama halali hata mtoto akilala, chakula hakipiti, anamtazama mtoto bila kuhisi kitu, au mawazo ya kufa yanamjia, hiyo inaweza kuwa sonona, na ni ugonjwa. Hakurogwa, na imani yake haijapungua. Amweleze mhudumu wa afya wa kijiji au nesi wa kliniki siku anapopeleka mtoto kupima uzito, kwa maneno hayohayo. Kwa jambo lolote la hatari kwa mtoto, simu namba 116 haina gharama.

Nimebakiza baba. Mwaka 1964 Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha utafiti wao wa watoto 60 wa Glasgow, na walichoona kiliwashangaza wengi: watoto walijenga mapenzi na watu ambao hawakushinda nao, wakiwemo baba waliokuwa kazini kutwa, mradi watu hao walimwitikia mtoto kwa moyo wote walipokuwa naye. Hili ni tumaini kubwa kwa dereva na mchimbaji. Apige simu saa ileile, hata kama ni dakika tatu, na asiendeshe mahojiano. Mtoto wa miaka miwili hajui kujibu "umekula nini". Amwimbie wimbo mmoja, uleule kila siku. Amwigie mlio wa lori. Ataje majina ya mbuzi wa nyumbani. Kitochi kinatosha. Na mama aache kabisa kusema "baba akija atakuchapa." Maneno hayo yananyamazisha mtoto jioni moja, lakini yanamjenga baba kama fimbo inayosafiri, kisha siku ya kurudi tunashangaa mtoto anajificha nyuma ya kanga.

Kujificha kutakuwepo hata hivyo. Baba asimnyakue, asiseme mtoto amedekezwa, wala asianze kupangua taratibu za kulala na kula siku ya kwanza. Akae chini, kwenye mkeka, afanye kitu cha kuvutia kwa mikono yake, amwachie mtoto aje. Wengine huja baada ya saa moja, wengine baada ya siku mbili. Akishazoeleka, aichukue ile saa kumi na mbili jioni yeye mwenyewe, amwogeshe, amlishe, amlaze, na mama apumzike kweli, mlango umefungwa. Mwanamume atakayeona haya kuogesha mtoto mbele ya mama yake mzazi akumbuke kwamba kuna mamia ya jioni ambazo mkewe hakuwa na wa kumwachia.

Kabla hajaondoka tena wakae na kadi ya kliniki mkononi. Chanjo ya surua-rubela ni miezi 9 na miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto anatembea na anaonekana mzima. Matone ya vitamini A ni kila baada ya miezi sita. Wataje nani atamsindikiza mama, na aliyetajwa aambiwe akiwa hapo hapo, baba akisikia.